Hamira na Kidole cha Dada Yangu

Kazi yangu ni kutengeneza mizani. Nina meza na kabati la vioo kwenye baraza ya jengo moja Kariakoo, mtaa wa tatu kutoka sokoni, na kwa zaidi ya miaka ishirini watu wameniletea mizani zisizosema kweli: za maduka ya nafaka, za wauza samaki wa Feri zilizoliwa na chumvi, na zile ndogo za masonara ambazo ukizisogelea zinapima hata pumzi yako. Shuleni niliishia kidato cha pili. Mengine niliyoyajua baadaye nimeyatoa kwenye vitabu vya shule vilivyokwisha kutumika, vinavyotandazwa chini juu ya maturubai upande wa Mnazi Mmoja. Nina desturi moja tu ninayoweza kuiita elimu. Siamini mizani yoyote kabla sijaiwekea jiwe ambalo uzito wake naujua.

Dada yangu amenizidi miaka tisa. Tunaishi katika nyumba aliyotuachia baba, vyumba sita na ua katikati, na katika ua huo dada anapika mkate wa kumimina. Mchele unalowekwa, unasagwa na tui la nazi, unatiwa sukari, iliki na hamira, kisha rojo linaachwa liumuke. Likishajaa ndipo linapomiminwa kwenye sufuria na kupikwa kwa makaa chini na makaa juu. Ni biashara yake tangu alipofiwa na mumewe. Watu wanatoka Ilala kuufuata mkate huo, na mwezi wa Ramadhani foleni inafika barabarani.

Dada ana ugonjwa wa sukari. Aliupokea kwa nidhamu ambayo sikuitegemea. Aliacha soda, akaacha halua, akaanza kunywa chai isiyo na kitu. Hakuacha kipande cha mkate wake kila asubuhi. Wala hakukila kwa kujificha. Alikuwa na hoja, na hoja yenyewe ilikuwa nzuri kiasi kwamba kwa muda mrefu sikujua pa kuishika.

Hamira, alisema, ni kitu hai, na chakula chake ni sukari. Ndiyo maana ukiinyima sukari inaumua kwa uvivu. Sasa rojo likiumuka mpaka likataka kumwagika, sukari imekwenda wapi? Imeliwa. Ukiliacha rojo likaumuka sawasawa unakula mchele na nazi, na utamu uliobaki ni wa kudanganya ulimi tu. Alikuwa akiwaambia hivyo hata wateja. Mkate wangu, alisema, nauumua kwa saa mbili kamili, hata mwenye sukari anakula. Rafiki yake wa chumba cha nyuma, mwanamke mwenye ugonjwa uleule, alikuwa akila kipande kila siku kwa neno la dada.

Kisha kidole kikaanza. Kilikuwa kidole gumba cha mguu wa kushoto, kwenye ukingo wa kucha, kidonda kisichozidi punje ya mchele. Mwezi ukaisha hakijafunga. Wa pili ukaanza kikawa kama punje ya mahindi, na pembeni pameingia rangi nisiyoipenda. Nilimsindikiza kliniki. Muuguzi alisoma daftari la vipimo vyake, akafungua ukurasa, akarudi nyuma, akamtazama.

"Mama, sukari ya asubuhi iko juu kila siku. Unakula nini?"

"Mkate. Lakini ni wa hamira."

"Wa hamira ndiyo nini?"

Dada alimweleza yote, kwa utulivu, kama anavyowaeleza wateja. Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno machache. Namba zisiposhuka, safari ijayo daktari atazungumza naye habari ya kukata kidole. Hata mchele wenyewe, akaongeza, ukifika tumboni unageuka sukari.

Tulirudi nyumbani, na mlangoni dada akanigeukia.

"Yule mtoto wa kliniki hajawahi kuumua hata andazi," alisema.

Nilijua nikibishana naye nitashindwa, maana nimekuwa nikishindwa tangu nina miaka minne. Lakini nilijua pia kwamba dada anaheshimu namba. Hapimi mchele kwa macho. Mizani yake ya jikoni niliitengeneza mwenyewe na anaipima kila Ijumaa kwa jiwe la nusu kilo. Nikamwambia tupime. Kama hamira inamaliza sukari, mashine yake ya kupimia sukari kwa damu ya kidole itaonyesha, na mimi nitakwenda kliniki mwenyewe kumwambia muuguzi kwamba amekosea.

"Na kama haimalizi?"

"Utaona mwenyewe."

"Basi stripu zangu usiziguse," alisema. "Nenda kanunue zako."

Nilinunua pakiti yangu ya vile vijikaratasi vinavyochomekwa kwenye mashine. Lazima nikiri kwamba nilitaka dada awe amesema kweli. Nilitarajia kuona namba ikianza juu na kushuka kidogo kidogo, na swali langu lilikuwa moja tu: itashuka mpaka wapi?

Jumapili asubuhi nilipanga meza uani: mizani ndogo ya sonara, chupa za lita moja, vikombe vya plastiki vyenye namba, vijiko vilivyochemshwa, saa, daftari. Rafiki wa chumba cha nyuma alitoka na kiti chake akakaa kama aliyekuja harusini.

"Mwalimu, leo tunafundishwa nini?"

"Kwanza tunapima kipimo," nilimjibu.

Mashine ile imetengenezwa kwa damu, si kwa maji, kwa hiyo niliiwekea jiwe lake. Niliyeyusha glukosi ya unga, ile ya pakiti wanayopewa wagonjwa, kwa uzito nilioujua. Nikapima, nikaongeza maji sawasawa, nikapima tena. Mashine ilizidisha kidogo, lakini ilizidisha vilevile kila mara. Kifaa cha namna hiyo naweza kufanya nacho kazi.

Baadaye nikapima gramu tano za sukari ya kawaida, ileile ya duka anayotia dada kwenye mkate, nikaiyeyusha katika lita moja ya maji ya vuguvugu. Nikachovya stripu. Mashine ikafikiri, kisha badala ya namba ikaleta alama yake ya kusema kwamba sukari iko chini mno, haisomeki.

Nikarudia, ikawa vilevile.

"Imekufa hiyo," alisema dada kutoka jikoni. Kumbe alikuwa akitazama.

Nikampa yule rafiki yake atie ncha ya ulimi.

"Tamu," alisema. "Ya kunywea dawa, lakini tamu."

Maji yalikuwa matamu na mashine ilisema hayana sukari. Niliandika hivyo kwenye daftari, nikaweka alama ya kuuliza, nikaendelea, kwa sababu sikujua la kufanya lingine. Nilitia gramu tano za hamira, nikakoroga, nikaanza kuhesabu dakika.

Dakika ya kumi mashine ilisoma tano na kitu.

Nilichovya stripu nyingine kwenye maji yaleyale. Tano na kitu. Dakika ya ishirini ilikaribia saba.

Naomba msomaji aelewe hali yangu. Nilikuwa nimetia ndani ya maji kitu kinachokula sukari, na sukari ilikuwa inapanda. Maishani mwangu mizani ikisema jambo la namna hiyo, kuna mtu ameweka kidole. Nikasimama.

"Nani ametia kitu humu?"

"Kitu gani?" aliuliza dada.

"Glukosi. Au kijiko kilichotoka kwenye glukosi."

"Mimi nikutilie glukosi kwenye matope yako? Nina mchele wa watu hapa."

"Shoga, tunasingiziwa wizi wa kuongeza," alisema rafiki yake, akacheka mpaka kiti kikalia.

Nikaendelea kupima kwa kuwa saa ilikuwa inakwenda. Ilipofika nusu saa namba ilikuwa imeshuka chini ya tano. Dakika kumi baadaye ikawa mbili na kidogo. Ilipotimia saa nzima mashine ikarudisha ile alama ya mwanzo, haisomeki. Nikampa tena rafiki yake ncha ya kijiko.

"Chachu," alisema. "Utamu umekwenda."

Kwa hiyo mwanzo na mwisho mashine ilisema jambo moja, hakuna sukari, ila mara ya kwanza maji yalikuwa matamu na mara ya pili hayakuwa. Katikati kulikuwa na kilima. Nilichora kilima hicho kwenye daftari na kukitazama muda mrefu. Halafu nikafanya ambacho mtu yeyote wa mizani angefanya. Niliosha kila kitu na kuanza upya, vikombe vitatu kwa pamoja: maji na sukari bila hamira, maji na hamira bila sukari, na maji yenye vyote viwili. Nilikaa juu yake mwenyewe na sikumruhusu mtu kusogea. Cha kwanza hakikusoma kitu kwa saa nzima. Cha pili hakikusoma kitu. Cha tatu kilipanda kilima kilekile, na kushuka upande wa pili.

Jibu lilikuwa kwenye kitabu changu cha biolojia, katika ukurasa nilioupigia mstari miaka mingi iliyopita bila kuuelewa. Sukari ya duka si kitu kimoja. Kila chembe yake ni mbili zilizoshikana, glukosi na fruktosi. Mashine inaijua glukosi ikiwa peke yake tu, na ikishikana na mwenzake inapita mbele yake kama mgeni. Hamira nayo karibu haiwezi kuingiza zile mbili zikiwa pamoja. Ina kimeng'enya inachokiweka kwenye ukuta wake, upande wa nje, kazi yake ni kukata. Inakata kwanza nje, ndipo inaingiza kipande kimoja kimoja. Kupanda kwa namba kulikuwa ni kukata. Kushuka kulikuwa ni kuingia.

Nilifunga kitabu nikaenda kusimama kwenye baraza ya nyumba, nikawaza kazini Kariakoo. Mbele ya duka la jirani yangu wa kazi huteremshwa marobota ya nguo. Robota ni kubwa kuliko mlango wa duka. Kila siku ya mzigo vijana hukata kamba palepale barabarani, nguo zinafumka, na zinaingizwa ndani kwa mafungu. Nimeliona jambo hilo maelfu ya mara. Na kwa kuwa wanakatia nje, kila mara kuna shati moja au mbili zinazoondoka na mpita njia. Kitabu kilisema hivyohivyo kuhusu hamira. Sehemu kubwa ya kile inachokikata inasambaa majini na kuliwa na majirani.

Katika kijiko kimoja cha hamira, nilisoma, kuna viumbe wengi kuliko watu wote walio hai duniani. Hakuna hata mmoja mwenye jicho wala mkono, na kila mmoja alikuwa mlangoni kwake akikata mzigo. Mimi nilikuwa nimekaa uani na mashine ya mgonjwa na kikombe cha plastiki, nikawa nimewaona wakifanya hivyo. Sikuwaona wenyewe, hadubini sina. Niliona namba ikipanda na kushuka, na kwa mtu wa kazi yangu huko ni kuona. Sijui kuomba kwa maneno mazuri. Nilisema subhanallah mara moja, taratibu, nikarudi ndani.

Lakini bado nilikuwa sijajibu swali la dada. Kikombe changu kilikuwa na sukari kidogo na hamira nyingi. Rojo lake ni kinyume chake, sukari nyingi mno na kijiko kimoja cha hamira. Nilimweleza hivyo, akanielewa haraka kuliko nilivyotegemea.

"Chukua kwenye sufuria langu," alisema. "La leo. Usije ukaniambia ulipika lako vibaya."

Baada ya adhuhuri aliposaga na kutia hamira, nilichota gramu moja ya rojo, nikaizimua kwa maji mara mia ili mashine isizidiwe, nikapima. Haikusomeka. Dada alisogeza kigoda. Mguu wa kushoto aliuweka juu ya matofali, umefungwa kitambaa cheupe.

"Hakuna sukari?"

"Ipo. Bado haijakatwa."

"Na nimetia mwenyewe. Haya."

Baada ya saa moja rojo lilikuwa limepanda nusu ya sufuria. Nikachota gramu nyingine. Nilitaka nisome mwenyewe kwanza, lakini dada alinyoosha mkono akaichukua mashine, na macho yake si mazuri, akaishika mbali.

"Tatu nukta tisa," alisoma. "Zidisha mia?"

"Mara mia."

Namba hizo anazijua. Yeye akiona kumi kwenye kidole chake anakunywa maji na kutembea uani.

"Subiri iumuke sawasawa," alisema. "Saa mbili. Mimi huumua saa mbili."

Tulisubiri. Rojo lilifika ukingoni, likajaa matundu, likawa na ile harufu inayowatoa watu Ilala. Safari hii alichota mwenyewe, akapima kwenye mizani ya sonara, akazimua mwenyewe. Mashine ikasoma tatu nukta saba.

Hesabu yangu ya baadaye ilionyesha kwamba mpaka wakati wa kumiminwa, hata sehemu moja ya kumi ya sukari ilikuwa haijaingia ndani ya hamira. Sikuhitaji kumwambia. Alikuwa anatazama sufuria.

"Imeshiba," alisema. "Nimewapikia karamu wakala punje, nyingine wakaniachia mimi. Tena wameniachia ikiwa imekwisha kukatwa."

"Kama mzigo wa jirani yangu," nikasema, nikamweleza habari ya marobota. Alisikiliza. Kisha akauliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria.

"Sasa wanajuaje pa kukata?"

Nilimwambia kitabu kinasema kimeng'enya kina umbo linaloshika sukari hiyo mahali pamoja tu. Zaidi ya hapo sijui. Alitikisa kichwa polepole na kuinama kwenye sufuria, akatazama matundu yakifunguka na kufunga, na kwa muda hatukuwa watu wenye ugomvi wa kidole. Tulikuwa watu wawili tunachungulia kitu.

Rafiki yake alitoka chumbani kuuliza kama mkate uko tayari.

"Wako haupo," alisema dada.

"Nimekukosea nini?"

"Kaa hapa. Nilikudanganya miaka yote hii, na mimi nimejidanganya. Hamira haili sukari ya mkate. Inagusa tu. Tumepima."

"Wewe ndiye uliyeniapia."

"Niliapa. Sasa natengua kiapo."

"Kwa hiyo mimi nife na chai kavu."

"Tutakufa wawili, shoga, lakini na vidole vyetu."

Jioni ile aliwaambia wateja mmoja mmoja, akifunga mikate kwenye karatasi: mwenye sukari asile huu, nilikuwa nimekosea. Wawili waliondoka bila kununua. Nilimwona akiwasindikiza kwa macho mpaka kwenye kona, kisha akaendelea kufunga.

Tatizo lililobaki sikulitarajia. Dada huonja ukingo wa mkate wa kwanza kila siku. Asipoonja hauzi. Kesho yake alasiri alikata ukingo kama kawaida, akaushika vidoleni, harufu yake nikiisikia kutoka nilipokaa. Alikaa nao hivyo. Halafu akanikabidhi.

"Onja. Sema."

"Mtamu."

"Mtamu ni neno la mteja. Sema."

Nikatafuna tena. Nikasema iliki imetangulia, sukari imekuja nyuma, nazi haikusikika sana.

"Haikusikika kiasi gani?"

Sikuwa na namba. Nikasema labda kama nazi moja imepungua katika nne.

"Nimetumia tatu na nusu," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu kliniki nikamwona akitabasamu. "Haya. Utafaa."

Sasa ni mwezi wa tatu tangu tupime. Kila alasiri nafunga kabati saa tisa na nusu, narudi nyumbani, nasimama uani na kutafuna kwa makini kuliko nilivyowahi kufanya jambo lolote, huku yeye akinitazama mdomo. Namba zake za asubuhi zimeshuka. Kidonda kimepungua, nakipima kila Ijumaa kwa rula, siku ileile anayopima mizani yake. Ijumaa iliyopita kilikuwa milimita nne. Muuguzi amesema tusikate tamaa wala tusishangilie, na daktari hajatajwa tena.

Jana, wakati rojo likiumuka, nilimkuta amekaa kwenye kigoda na mashine yake mkononi. Kwenye kikombe kando yake kulikuwa na maji ya sukari, na juu ya maji hamira ilikuwa ikitoa povu. Alikuwa ametumia stripu yake mwenyewe.

"Sita na kitu," alisema bila kunitazama. "Bado wanakata."